Jeneza Lililopita Sokoni

Hoteli ya bandarini, Cobh, karibu na Cork, Ireland
Jumanne, kabla ya chakula cha jioni

Kwako dada yangu Noreen,

Naomba barua hii ikukute umeketi, na chai yako iwe bado ya moto. Vipi nyonga? Nilisikia daktari amekukataza ngazi. Msikilize, ingawa najua hutamsikiliza, maana kwetu hajazaliwa mtu wa kumsikiliza aliyevaa koti jeupe. Mimi ni mzima. Umri huu wote na bado nafunga kamba za viatu vyangu mwenyewe, wakati mwanangu Brendan akiinama tu anatoa mlio kama mlango wa ghala. Yeye hajambo, mkewe Lorraine hajambo, na mjukuu wangu Kayla, ambaye ameota mdomo wa wakili tangu ulipomwona mara ya mwisho, naye hajambo. Wote wanakusalimu. Leo salamu zao zina ukakasi kidogo, na utaelewa kwa nini.

Unajua mimi si mtu wa kalamu. Shule niliiacha kabla haijaniacha, nikaenda Boston kuchimba mitaro ya mabomba ya gesi, na hajatoka mwanamume Cork aliyechimba mtaro ukanyooka kama wangu. Ulizia kwa yeyote, kama yupo aliye hai. Lakini habari ya leo siwezi kukupa kwenye simu. Kwenye simu utalia, na wewe ukilia mimi hukata. Kwa hiyo uvumilie mwandiko.

Jumamosi uliponipigia kuniambia Neilus amefariki, nilikuwa nimekalia sanduku ili Brendan alifunge. Ulilia sana. Ukasema kaka yetu anazikwa Jumanne, na Jumanne hiyohiyo mimi nitakuwa Cork, na kwamba aliyepanga ni Mungu mwenyewe. Nikakujibu kwamba safari za meli hapangi Mungu, anapanga Lorraine, na hii aliipanga tangu mwaka jana. Ukaniomba niende nimshike Mena mkono tu, mjane wa watu, kisha niondoke zangu. Nikasema siendi. Ukasema unaniomba kwa jina la Mama. Nikakuambia usimtaje Mama, maana ni kwa ajili ya Mama siendi. Kisha nikakata.

Sababu unaijua, lakini acha niiandike, nataka uone kwa macho yako jinsi mimi nilivyokuwa naijua. Mama alipofariki, Boston ilikuwa imefunikwa na theluji na ndege haziruki. Nilipiga simu nikasema nisubirini siku moja tu, nami nipate kumbeba. Nilipofika nikakuta udongo umeshafukiwa na maua yameanza kuungua kwa baridi. Wewe ulikuwa umesharudi Liverpool. Neilus alikuwa amesimama pale kaburini peke yake, kofia mkononi. Nikamuuliza ni nani aliyeamua. Akasema yeye ndiye mkubwa, yeye ndiye aliyeamua. Nikampa mgongo, nikarudi uwanja wa ndege na matope ya kaburi kwenye viatu.

Waliosema ndugu wakigombana uchukue jembe ukalime hawakutujua sisi. Kwetu ungelima, ukavuna, ukala, ukalima tena, na mimi na Neilus bado hatujasemezana. Zaidi ya miaka ishirini, Noreen. Akipiga simu, namkabidhi mke wangu, Mungu amrehemu, naye anaongea naye habari za mvua. Watoto wangu niliwaambia baba yao mkubwa alikufa zamani. Niliona ni rahisi zaidi.

Sasa sikia ya leo.

Tulitua jana, na leo ndiyo siku yetu pekee ya kutembea mjini kabla ya kupanda meli. Lorraine alitaka kukodi mtu wa kututembeza. Nikamwambia, binti, umeolewa kwenye familia yenye Cork kwenye mifupa, halafu unataka kumlipa mtoto wa chuo akuonyeshe mto? Mimi ndiye nitakayewatembeza. Nao wakafurahi. Hawakujua kwamba usiku kucha nilikuwa nimeipima ile siku kichwani kama ninavyopima mtaro. Misa ya Neilus ilikuwa kwenye kanisa la parokia yake, upande wa kusini wa mto. Makaburi yako kusini hukohuko. Basi mimi nikaamua familia yangu itazame kaskazini, na ikishiba kaskazini irudi Cobh na treni.

Niliwapeleka Shandon, kwenye kanisa la kengele. Nilipanda ngazi zote za mnara, na Kayla akikuambia kwamba nilikaa njiani, alaumiwe yeye na umri wake. Wakamruhusu kuvuta kamba za kengele. Huku akizivuta mimi natazama nje, ng'ambo ya mto, nikijua kule misa inaanza. Nikashuka nikaangalia saa ya mnara nihakikishe, nikasahau kwamba ule mnara ni mwongo wa nyuso nne, kila uso na saa yake. Kwa uso mmoja walikuwa kwenye masomo, kwa mwingine padri alikuwa bado anavaa.

Niliwapeleka pia kwenye kichochoro chetu Blackpool, hukohuko kaskazini. Nyumba yetu imepakwa rangi ya waridi, kama keki ya mtoto. Mama angemfuata aliyeipaka na ufagio. Kayla akauliza tulilala wapi, na vyumba viwili tu. Nikamwonyesha dirisha. Nikamwambia wewe ulilala na Mama, na sisi tulilala pale. Akaniuliza sisi nani. Nikasema mimi. Akanikazia macho, lakini mvua ikaanza, ikaniokoa.

Mvua hiyohiyo ndiyo iliyoniponza. Walikuwa wameloa na wana njaa, na Lorraine akasema amesoma habari za soko la kale katikati ya mji, lenye paa, tukale huko. Nikafikiri haraka. Katikati ya mji si kusini. Gari la jeneza likitoka kanisani kwa Neilus kwenda makaburini halina kazi yoyote mjini, ni kama kutoka jikoni kwenda sebuleni kwa kupitia dari. Nikasema sawa, twende.

Noreen, nimekaa ugenini mno. Mtu wa Cork kweli asingekosea hivyo.

Tuliingia sokoni, nikaanza kutamba kama kawaida. Nikawaonyesha nyama ya viungo, nikawaonyesha samaki wamelala kwenye barafu, nikamwambia Kayla kwamba asiyekula utumbo na soseji ya damu hana haki ya kujiita wa kwetu. Akaniambia basi yeye ni wa Boston, asante. Nikamburuta mpaka kwenye kibanda cha utumbo. Hapo palikuwa na bibi mmoja anavaa aproni safi juu ya ile chafu. Nikamwita, nikasema nipimie, mama. Akageuka. Akapiga ishara ya msalaba mpaka kofia ikamwanguka.

Akasema, "Jina la Yesu, Neilus! Si nimetoka kukuwashia mshumaa?"

Nikarudi nyuma hatua moja. Akasogea, akanitazama kidevu, akanitazama masikio. Kisha uso wake ukabadilika. Akasema, kwa sauti ya kufika kwa wauza samaki, kwamba kumbe ni yule wa Amerika, yule mnunaji. Akaniuliza kama nimekuja kula utumbo siku ya kumzika kaka yangu, na kama hivyo ndivyo wanavyofundishwa huko. Jina lake Kitty Twomey. Amefanya kazi kibanda kimoja na Neilus maisha yake yote, na kumbe kila Krismasi Neilus alikuwa akimwambia, huyu Finbarr wetu safari hii atapiga simu, utaona.

Nikageuka. Brendan alikuwa nyuma yangu.

Akaniuliza, taratibu, ni kaka gani anayezikwa. Nikasema bibi huyu ananifananisha. Kitty akacheka kama mbwa anayebweka. Akasema, "Nimfananishe na nani, mwanangu? Huyu na marehemu ni yai moja limepasuliwa!" Brendan akasema, "Baba, nilipokuwa shule uliniambia baba mkubwa alikufa. Nikamsalia. Leo anakufaje tena?" Na Lorraine, ambaye miaka yote ameniita babu kwa sauti ya sukari, akasema tu, "Finbarr." Jina tupu, kama mtu anayeita mdeni.

Kabla sijapata uongo mwingine, mapazia ya chuma ya vibanda yakaanza kushushwa. La mchinjaji, la muuza jibini, yote nusu. Wafanyakazi wakatoka nje na aproni zao nyeupe, wakajipanga kando ya barabara pande mbili, vichwa wazi kwenye mvua. Hapo ndipo nilipokumbuka. Wetu hapelekwi kaburini moja kwa moja. Anapitishwa kwanza kwenye mlango wa nyumba yake, kisha kwenye mlango wa kazi yake, gari linasimama kidogo ili mahali penyewe pamuage. Neilus aliuza utumbo soko hilo tangu akiwa kijana. Nimeikimbia misa yake tangu asubuhi, halafu nikaja kumsubiri mlangoni.

Kitty alinishika kiwiko. Ana mkono kama koleo. Akasema, "Toka nje, kijana. Kama humtaki, mchukie ukiwa umesimama wima kama watu."

Kayla akauliza wanafanya nini. Nami mtu akiniuliza jambo la Cork siwezi kunyamaza, hata ningekuwa mimi ndiye nimelazwa kwenye jeneza. Nikamwambia kwamba wanamuaga mwenzao, na gari likianza kuondoka watatembea nalo hatua za rehema. Nikamwambia kwetu hata ukikutana na jeneza la adui yako, unageuza njia yako na kumsindikiza kidogo. Asiyegeuka anajiitia lake. Nilisema hivyo kwa kujitapa, kama ninavyosema mambo yote.

Gari likafika. Mbele yake alitembea mzee wa mazishi, kofia ndefu mkononi. Likasimama. Niliona jeneza kupitia kioo na juu yake kofia yake ya kazini, na mimi nikatazama mfereji wa maji ya mvua. Nikajiambia, likiondoka sitatingisha mguu. Ameshinda kuniweka hapa, hatashinda kunitembeza.

Likaondoka. Watu wa aproni wakaingia barabarani nyuma yake. Na Kayla naye akaingia, na koti lake la njano, akitembea katikati yao kana kwamba alizaliwa sokoni. Alifanya kile babu yake alichosema watu wa kwetu wanafanya. Nikamwita. Hakugeuka. Sasa mtoto ni mgeni wa mji, magari yanapita. Nikamfuata.

Kwa hiyo wakikuambia Finbarr alimsindikiza Neilus, waambie hapana. Nilikuwa namfuata mjukuu wangu.

Gari la pili, la wafiwa, lilikuwa linatambaa kando yetu. Dirisha likashuka. Alikuwa Mena. Nywele zimekuwa nyeupe zote, macho ni yaleyale. Akamwambia dereva asimame, akateremka kwenye mvua. Nikampa mkono. Nikasema pole kwa msiba, Mena, maana mdomo wa mtu wa kwetu unalisema hilo wenyewe, hata kichwa kikiwa hakijakubali. Akaupokea mkono wangu, na hakuuachia.

Akasema Neilus angefurahi. Nikamwambia asinifurahishie maiti. Nikasema nilikuja kwa bahati mbaya, na kwamba mume wake alimfukia mama yangu kama mtu anayefukia bomba, bila kunisubiri siku moja. Nilisema hivyo, Noreen, barabarani, mbele ya mwanangu na wauza samaki. Nilikuwa nimelihifadhi neno hilo muda mrefu mno, lilikuwa limeiva.

Mena hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayetazama nyumba iliyoungua. Akauliza, "Mpaka leo hajakuambia?"

Nikauliza nani. Akasema, "Noreen."

Basi akanieleza. Akasema siku ile Neilus alikwenda kwa padri akaomba jeneza lilale kanisani usiku mmoja zaidi, na padri akakubali. Wachimba kaburi waliambiwa wasubiri. Kila kitu kilikuwa tayari kunisubiri. Wewe ndiye uliyekataa. Ulipiga meza jikoni kwake mpaka vikombe vikaruka. Ulisema meli yako ya kurudi Liverpool inaondoka jioni hiyo na zamu yako hospitalini inakungoja, na kwamba hutamzika Mama kwa kufuata saa ya mtu wa Amerika. Na ukasema, Finbarr akitaka kumwona Mama, angekuja alipokuwa hai.

Hilo la mwisho sitalijibu hapa. Si kwamba sina jibu.

Neilus akakupisha, akamrudia padri. Na wewe ulipokuwa unapanda meli, ulimshika mikono ukalia, ukamwomba asiniambie. Mena alikuwepo. Akasema nilipofika na kumuuliza Neilus pale kaburini, alikuwa ameshaahidi. Miaka ilipozidi kupita, Mena akawa anamsukuma avunje ahadi, na yeye anakataa. Alimwambia mimi lazima nimnunie mtu, ndivyo nilivyoumbwa. Nikimnunia yeye, ana mke, ana watoto, ana soko zima. Nikimnunia wewe huko Liverpool, huna mume wala mtoto, una sauti yangu tu kwenye simu za Jumapili. "Acha anichukie mimi," akasema. "Mimi nitamudu."

Akamudu mpaka Ijumaa, alipofariki.

Nilikwenda naye makaburini. Mena alinipakia kwenye gari la wafiwa, Brendan na wenzake wakafuata na teksi. Wamemlaza kaburi moja na Mama, ndivyo alivyotaka. Kutoka kwenye gari mpaka shimoni walimbeba begani, wanawe na wapwa wa Mena, na mmoja akatoka akaniachia nafasi mbele. Mimi ni mfupi sasa kuliko vijana wale, jeneza likanielemea upande, na sikumwomba mtu yeyote nafuu. Sijawahi kubeba kitu kizito vile, na mimi nimebeba mabomba ya chuma. Brendan alisimama nje ya mstari. Baadaye alimpa Mena mkono akajitambulisha, mtu mzima wa miaka arobaini, akisema mimi ni mtoto wa Finbarr, samahani, niliambiwa mmeshakufa. Mena akamkumbatia. Mimi nikatazama kando.

Kwenye treni ya kurudi hawakunisemesha. Kayla peke yake ndiye aliyeniuliza kama Neilus alikuwa mtu mzuri. Nikamwambia alikuwa mzuri wa kukasirisha. Akaandika mahali kwenye simu yake. Sasa wameshuka kula, wameniachia chumba, nami nimekaa hapa na karatasi ya hoteli.

Nimekuwa nikifikiria simu zako za Jumapili. Miaka yote hiyo nilikuwa nikimtukana Neilus sikioni mwako. Nilimwita mnyang'anyi wa maiti, nilimwita bwana mkubwa wa utumbo, na wewe unasema, "Yaache hayo, Finbarr, yamepita." Nilidhani wewe ni mpole. Nilikuwa nikimwambia Brendan, shangazi yako ni mtakatifu, hana kinyongo na mtu. Jumamosi uliniambia niende nikamshike Mena mkono. Ulijua Mena ana nini mdomoni. Ulimtuma mjane akusemee siku ya kumzika mumewe, kwa sababu wewe mwenyewe ulishindwa.

Meli inaondoka kesho. Itazunguka Belfast na Scotland, na mwisho itatia nanga kwenu Liverpool, na tulishapatana kwamba nitakuja kwako mchana. Barua hii itanitangulia, ndiyo maana naiandika leo. Brendan anasema si lazima nije. Lorraine anasema kama siji, nimwambie sasa hivi afanye mpango mwingine, kwa sauti ileile isiyo na sukari.

Ningekuwa na nguvu zangu za zamani, ningekunyima neno mpaka mmoja wetu afukiwe. Unajua naweza. Hakuna mtu, Cork wala Boston, anayenishinda kununa. Lakini nilipomnunia Neilus nilikuwa na wewe wa kunisikiliza. Nikikununia wewe, nitakwenda kumwambia nani?

Basi nitashuka. Usinipikie keki, na usivae ile blauzi ya Pasaka. Usinilie mlangoni. Acha mlango bila komeo, kaa kwenye kiti chako, na nikiingia anza wewe kusema, maana mimi nimemaliza yangu kwenye karatasi hii. Brendan na Lorraine nitawaacha nje kwa muda. Kayla atataka kuingia, na nadhani sitaweza kumzuia.

Uitunze hiyo nyonga. Msalimie yule jirani yako anayekununulia mkate. Mena anakusalimu pia, na sikuongeza wala kupunguza: alisema nikufikishie salamu.

Mdogo wako, ambaye hajakusamehe ila anakuja,

Finbarr